Kusoma historia ya prosesa ya ruta: namna ya kuipata, kuielewa na kuihifadhi

Malalamiko ya mtandao karibu yote huja yamechelewa. Mteja anasema intaneti ilikwama saa nane mchana. Wewe unaingia kwenye ruta saa kumi, unaangalia prosesa, unakuta asilimia 9. Mafundi wengi wakifika hapo hujibu kwamba ruta haina shida, na lawama zinahamia kwa mtoa huduma. Lakini asilimia 9 ya saa kumi haisemi lolote kuhusu saa nane. Unachohitaji kujua ni ruta ilikuwa inafanya nini wakati ule, na kama jana na juzi ilifanya vilevile.

Nitatumia ruta za Cisco zenye mfumo wa IOS, kwa sababu zina grafu ya historia ndani yake tayari: huhitaji seva, huhitaji leseni, huhitaji kuwasha kitu chochote mapema. Mwishoni nitaingia kwenye ruta za MikroTik, maana ndiyo iliyojaa kwenye hotspoti za vocha, nyumba za wageni na kwa watoa huduma wadogo wa kwetu.

Anza na saa

Grafu ya Cisco haiandiki saa ya ukutani. Inasema tu "dakika 20 zilizopita" au "saa 31 zilizopita", kisha wewe unahesabu kurudi nyuma. Kama saa ya ruta imepotea, hesabu yako yote ni bure, na ruta nyingi za matawini huwa zimepotea tangu siku zilipofungwa. Rekebisha hilo kwanza kwa NTP, itifaki inayolinganisha saa ya ruta na seva za saa:

```
clock timezone EAT 3
ntp server 0.africa.pool.ntp.org
```

Thibitisha kwa `show ntp status`. Kisha, kila unapoingia kwa ajili ya uchunguzi, andika hii kabla ya amri nyingine:

```
terminal exec prompt timestamp
```

Kuanzia hapo kila amri ya kuonyesha itatanguliwa na mzigo wa prosesa wa wakati huo pamoja na saa kamili. Ukinakili matokeo na kuyaweka kwenye faili, hutajiuliza wiki ijayo yalikuwa ya lini. Wachache wanaitumia amri hii, nami sielewi kwa nini.

Jambo jingine dogo linalowakwamisha watu: ruta inahesabu saa kuanzia usiku wa manane, mlinzi wa tawi anahesabu kwa saa zetu. Akikuambia "ilikwama saa mbili", muulize ya asubuhi au ya usiku, ndipo uandike 08:00 au 20:00. Tofauti hiyo kwenye grafu ni nguzo 12.

Piga grafu

```
show processes cpu history
```

Zitatoka grafu tatu, moja chini ya nyingine: sekunde 60 zilizopita, dakika 60 zilizopita, na saa 72 zilizopita. Ya kwanza haina faida kubwa, ila inakuonyesha hali ya sasa hivi. Utakayoitumia zaidi ni ya pili na ya tatu.

Hiki hapa ni kipande cha grafu ya dakika, nimekikata nusu ili kitoshe:

```
    119111191111911119111191111911
    234121261321312135212241311621
100        *         *         *
 90   *    *    *    *    *    *
 80   *    *    *    *    *    *
 70   *    *    *    *    *    *
 60   *    *    *    *    *    *
 50   *    *    *    *    *    *
 40   *    *    *    *    *    *
 30   #    #    #    #    #    #
 20   #    #    #    #    #    #
 10 ##############################
    0....5....1....1....2....2....3
              0    5    0    5    0
```

Namba za juu husomwa kwa kushuka. Nguzo ya kwanza ina 1 juu na 2 chini, yaani asilimia 12. Nguzo ya tatu ni 9 na 4, yaani 94. Upande wa kushoto ndio wa karibuni zaidi, na kadiri unavyokwenda kulia ndivyo unavyorudi nyuma. Hili linawachanganya wengi, kwa sababu grafu nyingine zote walizozizoea zinakwenda kinyume chake.

Nyota ni kiwango cha juu kabisa kilichofikiwa ndani ya dakika hiyo. Alama ya reli (#) ni wastani wa dakika hiyo. Ukishaushika utofauti huo, umeshika karibu kazi yote. Nyota ikiwa juu na reli ikiwa chini, prosesa ilipanda kwa muda mfupi ikashuka. Reli zikiwa juu, mzigo ulikaa. Mtumiaji aliyekaa mbele ya kompyuta anaumizwa zaidi na reli kuliko nyota, ingawa nyota za mara kwa mara zinatosha kukata simu za intaneti.

Sasa tazama mpangilio. Vilele vyote hapo juu vimeachana kwa dakika tano kamili. Watu hawatumii intaneti kwa mpangilio kama huo. Kitu kinachojirudia kila baada ya dakika tano bila kukosea ni mashine, na kwenye mtandao wa ofisi mashine yenye tabia hiyo mara nyingi ni seva ya ufuatiliaji inayokuja kuuliza maswali kwa SNMP, itifaki ya kusoma hali ya vifaa vya mtandao. Kwa maneno mengine, kinachoichosha ruta ni chombo kilichowekwa kuiangalia. Nitarudi kwenye dawa yake.

Kwenye grafu ya saa 72 uwe mwangalifu zaidi. Nguzo moja pale ni saa nzima, kwa hiyo mpando mmoja wa sekunde chache unatosha kuchora nyota hadi 100. Mtu akihifadhi usanidi wa ruta, au akipiga `show tech-support`, nyota inaweza kupanda. Nimewahi kuona ripoti za kitaalamu kabisa zikisema "prosesa ilikuwa asilimia 100 kwa siku tatu" kwa sababu mwandishi alisoma nyota akaziruka reli. Ukiona nyota zimejaa juu lakini reli zimelala kwenye 10, usimnunulie mtu ruta mpya.

Na hili likae kichwani: historia hii iko kwenye kumbukumbu ya muda. Ukizima ruta na kuiwasha, imefutika. Ile tabia ya "zima, subiri kidogo, washa" inaweza kurudisha intaneti, lakini inachoma ushahidi wote. Kabla ya kumwambia mtu wa tawini aichomoe kwenye umeme, nakili kwanza matokeo ya amri hii.

Nani anayekula prosesa

Grafu inakuambia lini, lakini haikuambii nani. Ukibahatika kuingia wakati mzigo bado upo, amri ni hii:

```
show processes cpu sorted 5sec
```

Mstari wa juu ndio wenye uzito:

```
CPU utilization for five seconds: 78%/71%, one minute: 74%, five minutes: 70%
```

Namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju si kitu kimoja kilichoandikwa mara mbili. Ya kwanza ni matumizi yote. Ya pili ni sehemu iliyotumika kwenye ukatizaji, yaani kazi ambayo prosesa huacha kila kitu na kuifanya papo hapo. Kwenye ruta zinazopitisha paketi (vipande vya data) kwa prosesa kuu, kama mfululizo wa ISR 1900 na 2900, kazi hiyo kubwa ni kupitisha paketi. Hapo juu, 71 kati ya 78 ni paketi zinazopita kwa njia ya haraka. Zile 7 zilizobaki ndizo za michakato iliyoorodheshwa chini. Kwa hiyo usihangaike kutafuta mchakato wa kulaumu. Ruta inabeba trafiki nyingi tu. Nenda `show interfaces`, angalia kasi ya kuingia na kutoka, ujue inatoka poti gani.

Ikiwa ni 85%/12%, hadithi inageuka. Asilimia 73 iko kwenye michakato, na jina lake litakuwa mstari wa kwanza au wa pili wa orodha. Majina yanayojitokeza mara nyingi ni machache:

`IP Input` maana yake paketi zinashughulikiwa moja moja na mchakato badala ya kupita njia ya haraka. Hakikisha CEF, ndiyo hiyo njia ya haraka, imewashwa kwa `show ip cef`. Angalia kama kuna mtu aliacha `debug` (ufuatiliaji wa kina ndani ya ruta) inaendelea (`undebug all` inaimaliza), au kama kuna orodha ya ruhusa yenye neno `log` mwishoni mwa mstari unaoguswa na trafiki nyingi. Amri ya `show interfaces stats` inakuonyesha, kwa kila poti, paketi ngapi zilipita kwa mchakato na ngapi kwa njia ya haraka. Poti yenye namba kubwa kwenye mstari wa Processor ndiyo ya kufuatilia.

`SNMP ENGINE` ni yule mgeni wa kila baada ya dakika tano.

`BGP Scanner` huamka kila baada ya sekunde 60 kukagua jedwali la njia za BGP, itifaki ambayo mitandao mikubwa hubadilishana njia. Kwenye ruta inayobeba jedwali zima la njia za intaneti, itachora kilele kila dakika, na hilo ni la kawaida. Liache.

`ARP Input` ninalipa nafasi yake hapa, kwa sababu chanzo chake ni kosa linaloishi miaka bila kuonekana. Tafuta mstari wa namna hii kwenye usanidi:

```
ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 GigabitEthernet0/0
```

Njia kuu imeelekezwa kwenye poti ya Ethaneti bila kutaja anwani ya ruta ya mbele. Ruta inaielewa hivi: kila anwani ya dunia iko kwenye waya huu huu. Basi kwa kila anwani mpya mtu anayoitembelea, inapiga kelele kwenye waya ikiuliza nani mwenye anwani hii; uulizaji huo ndio ARP. Kama kifaa cha upande wa pili kina tabia ya kujibu kwa niaba ya wengine, intaneti inafanya kazi na hakuna anayelalamika. Kila jibu linahifadhiwa kwenye jedwali la ARP, na kwa kawaida ya Cisco linakaa humo saa nne. Ofisi ikiwa na watu sita, hakuna anayehisi. Ikifika watu sitini, kila mmoja na simu yake, jedwali linakuwa na maelfu ya mistari na prosesa haipumui. Kwenye grafu ya saa 72 utaziona reli zikipanda taratibu asubuhi watu wanapoingia kazini, zikibaki juu mchana kutwa, kisha zikishuka jioni. Inafanana kabisa na grafu ya trafiki halali, na ndiyo maana wengi hudanganyika wakaongeza kasi ya intaneti, wakaishia kuuongeza mzigo.

Uthibitisho ni `show ip arp`: ukiona anwani za umma zisizo zako zimejipanga ukurasa baada ya ukurasa, na nyingi zina anwani ya MAC (ya kifaa chenyewe) ile ile moja, umempata. Ongeza njia sahihi kwanza, ndipo ufute ya zamani, hasa kama umeingia ukiwa mbali:

```
ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 GigabitEthernet0/0 203.0.113.1
no ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 GigabitEthernet0/0
```

Anwani hiyo ni ya mfano; weka ya lango uliyopewa na mtoa huduma wako.

Ruta mpya zinadanganya kidogo

Kama kifaa chako kina IOS XE, kama ISR 4000 au ASR 1000, grafu tuliyoisoma inahusu upande wa udhibiti tu: itifaki za njia, SNMP, wewe uliyeingia kuandika amri. Paketi za wateja zinapita upande mwingine. Unaweza kukuta historia iko kwenye asilimia 5 siku tatu mfululizo huku upande wa paketi umejaa hadi pomoni. Uliza upande wa pili kwa amri hii:

```
show platform hardware qfp active datapath utilization
```

Inatoa safu za sekunde 5, dakika 1, dakika 5 na dakika 60, na mstari wa mwisho wa Processing ndio wenye asilimia ya mzigo. Haina grafu ya saa 72, kwa hiyo historia ndefu ya upande huu lazima uikusanye nje ya ruta.

Ifanye ruta ijiandikie

Hutakuwepo kila mara mzigo unapopanda. Weka kizingiti ili ruta iandike ujumbe yenyewe:

```
process cpu threshold type total rising 80 interval 30 falling 50 interval 30
```

Yaani: ikikaa juu ya 80 kwa sekunde 30, andika, ikirudi chini ya 50 kwa sekunde 30, andika tena. Mifano mingi huweka sekunde 5. Mimi naona ni fupi mno. Utapata ujumbe kila mtu anapohifadhi usanidi, na ujumbe ukizidi hakuna anayeusoma. Ukitokea, unaonekana hivi:

```
%SYS-1-CPURISINGTHRESHOLD: Threshold: Total CPU Utilization(Total/Intr): 87%/9%, Top 3 processes(Pid/Util): 118/61%, 92/7%, 3/2%
```

Namba 118 ni kitambulisho cha mchakato uliokula asilimia 61. Itafute kwenye safu ya kwanza ya `show processes cpu` upate jina. Hakikisha pia ujumbe unakwenda mahali penye nafasi:

```
logging buffered 64000
no logging console
```

Ule mstari wa pili si wa urembo. Konsoli ya ruta inaenda kwa kasi ndogo sana, na ujumbe ukimiminika huko, prosesa inatumika kuusukuma herufi kwa herufi. Ruta iliyokuwa inachechemea inalala kabisa.

Ukitaka zaidi ya ujumbe, mwambie msaidizi wa ndani ya IOS achukue picha ya hali nzima kizingiti kinapovukwa:

```
event manager applet CPU-JUU
 event syslog pattern "CPURISINGTHRESHOLD" maxrun 60
 action 1.0 cli command "enable"
 action 2.0 cli command "show clock | append flash:cpu.txt"
 action 3.0 cli command "show processes cpu sorted 5sec | append flash:cpu.txt"
 action 4.0 cli command "show interfaces stats | append flash:cpu.txt"
```

Na ili ile grafu ya saa 72 isipotee:

```
event manager applet HIFADHI-HISTORIA
 event timer cron cron-entry "0 6 * * 1,3,5" maxrun 60
 action 1.0 cli command "enable"
 action 2.0 cli command "show clock | append flash:historia.txt"
 action 3.0 cli command "show processes cpu history | append flash:historia.txt"
```

Hiyo ni saa kumi na mbili asubuhi ya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku hizo sikuzichagua kwa kubahatisha: kutoka Ijumaa asubuhi hadi Jumatatu asubuhi ni saa 72 kamili, kwa hiyo wikiendi yote inaingia bila pengo. Faili zitakua, basi zihamishe na kuzifuta mara kwa mara kabla hazijaijaza flashi. Na kama ruta yako inamwomba TACACS (seva ya kuidhinisha watumiaji) ruhusa kwa kila amri, vijiprogramu hivi vitakataliwa kimyakimya mpaka uvipe jina la mtumiaji kwa `event manager session cli username`.

Historia ya miezi: peleka nje

Siku tatu zinatosha kutafuta chanzo cha tatizo, hazitoshi kupanga bajeti. Kwa miezi na miaka unahitaji seva yenye LibreNMS, Zabbix au Cacti, zote za bure. Fungua SNMP ya toleo la 3, si la 2 lenye neno "public" ambalo kila mtu analijua, na hapo hapo ufunge milango ya majedwali makubwa:

```
snmp-server view KATA iso included
snmp-server view KATA 1.3.6.1.2.1.3 excluded
snmp-server view KATA 1.3.6.1.2.1.4.21 excluded
snmp-server view KATA 1.3.6.1.2.1.4.22 excluded
snmp-server view KATA 1.3.6.1.2.1.4.24 excluded
snmp-server group UFUATILIAJI v3 priv read KATA
snmp-server user mchunguzi UFUATILIAJI v3 auth sha Siri-Moja-22 priv aes 128 Siri-Mbili-33
```

Mistari minne yenye `excluded` ndiyo dawa ya vilele vya dakika tano. Inaizuia seva kupakua jedwali la njia na jedwali la ARP kila inapokuja. Seva itaendelea kusoma prosesa, kumbukumbu na poti kama kawaida. Baada ya kuiweka, subiri nusu saa kisha piga grafu ya dakika tena. Kama vilele vimebaki vile vile, seva si mkosaji au kuna seva ya pili usiyoijua. Usishangae pia kwamba mstari wa mtumiaji wa toleo la 3 hauonekani ukisoma usanidi. Ndivyo IOS inavyoutunza. Andika nywila mahali salama, kwa sababu ukihamisha usanidi kwenda ruta nyingine mtumiaji huyo hatakwenda nao.

Jaribu kutoka kwenye seva:

```
snmpwalk -v3 -l authPriv -u mchunguzi -a SHA -A Siri-Moja-22 -x AES -X Siri-Mbili-33 10.10.0.1 1.3.6.1.4.1.9.9.109.1.1.1.1.8
```

Namba ile ya mwisho ina maana. Ikiishia na 8, unauliza wastani wa dakika 5. Na 7, wa dakika 1. Na 6, wa sekunde 5. Kishawishi ni kuchukua ya sekunde 5 kwa kudhani ni sahihi zaidi. Lakini seva inayokuja kila baada ya dakika tano na kuuliza sekunde tano inaona sekunde 5 kati ya 300. Grafu yake itaonekana ya kusisimua, na itakuwa ya kubahatisha tupu. Seva ikija kila dakika tano, uliza ya dakika 5. Ukitaka undani, fanya ije kila dakika na uulize ya dakika 1.

Kuna mtego mwingine kwenye uhifadhi wenyewe. Cacti na LibreNMS kwa kawaida huhifadhi kwa RRDtool, ambayo hupunguza ukubwa wa faili kwa kuchanganya vipimo vya zamani kuwa wastani. Kilele cha asilimia 95 kilichodumu dakika kumi, mwezi ujao kitakuwa kimemezwa na saa tulivu zilizokizunguka, na utaona 30. Ndiyo maana grafu za mwaka huonekana nzuri kuliko kazi ilivyokuwa. Chora mstari wa kiwango cha juu pamoja na wa wastani, na unapomwandikia bosi ripoti ya mwaka, tumia ule wa juu.

Kuhusu kizingiti cha kununua ruta kubwa zaidi, watu hupenda namba moja. Mimi huangalia kwanza ruta yenyewe ilikuwaje miezi sita nyuma, saa za kazi. Ruta iliyozoea 60 na iko 62 haina neno. Iliyozoea 15 ikafika 45 bila watumiaji kuongezeka ina kitu cha kuchunguzwa leo, ingawa hakuna kengele iliyolia.

Kwa wenye MikroTik

RouterOS, mfumo wa MikroTik, haina grafu ya nyota, lakini ina ya picha, na tofauti na Cisco lazima uiwashe kabla ya tatizo:

```
/tool graphing set store-every=5min
/tool graphing resource add allow-address=10.10.0.0/24 store-on-disk=yes
/ip service set www address=10.10.0.0/24
```

Kisha fungua kivinjari kwenye `http://10.10.0.1/graphs/` na utapata grafu za siku, wiki, mwezi na mwaka. Usiache kuweka hiyo anwani ya ndani. Bila hiyo unamwonyesha kila mpita njia wa intaneti maisha ya ruta yako.

Kujua mlaji ni nani:

```
/tool profile cpu=all
```

Angalia kila kiini cha prosesa peke yake. Kifaa kama hEX RB750Gr3 kinaonyesha viini vinne, kwa hiyo jumla ya asilimia 25 inaweza kuwa kiini kimoja kilichofika 100 na vitatu vinavyopiga miayo. Wateja wataona kigugumizi, na grafu ya jumla itakuapia kwamba robo tatu ya nguvu haijaguswa. Kwa ufuatiliaji wa nje, uliza 1.3.6.1.2.1.25.3.3.1.2, ambayo hujibu kiini kwa kiini.

Ukikuta `dns` iko juu ya orodha, karibu kila mara ruta yako inawajibu watu wa nje. Mtu aliweka `allow-remote-requests=yes` ili wateja wa ndani wapate DNS (huduma ya kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani), akasahau kufunga mlango wa mbele:

```
/ip firewall filter add chain=input in-interface-list=WAN protocol=udp dst-port=53 action=drop place-before=0
/ip firewall filter add chain=input in-interface-list=WAN protocol=tcp dst-port=53 action=drop place-before=0
```

Kama intaneti yako inaingia kwa PPPoE, yaani ruta inaingia kwa jina na nywila, hakikisha `pppoe-out1` yenyewe imo kwenye orodha ya WAN (upande wa intaneti); kufunga `ether1` peke yake hakuzuii kitu. Grafu ya siku itashuka kama ngazi, na utaiona saa uliyoiweka.

`firewall` na `queuing` zikiwa juu, jibu utakalopewa na kila mtu ni kuwasha FastTrack, njia ya mkato ya kupitisha trafiki. Inapunguza mzigo kweli. Lakini trafiki iliyopitia FastTrack hairudi kwenye foleni za kawaida, kwa hiyo mteja aliyelipia vocha ya megabiti 2 atajikuta anakula bomba zima, na wa nyumba ya pili atakupigia simu jioni hiyo. Kwa anayeuza kasi kwa vipimo, punguza kwanza idadi ya kanuni za fayawali, weka ile inayokubali miunganisho iliyokwishaanza juu kabisa ya nyingine, kisha linganisha grafu ya kesho saa mbili usiku na ya leo saa hiyo hiyo.